Watoto wangu wa chekechea wameotesha maharagwe, na swali la matoke limenikwamisha

#1 Mwalimu wa Busia (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajamvi.

Nafundisha chekechea hapa Busia, upande wa Uganda, watoto wa miaka 4 na 5. Ninao 34. Mvua za Machi zimeshika, kila nyumba huku watu wako shambani na majembe, nikaona huu ndio wakati wa somo la mbegu. Nitaandika kwa kirefu, mnivumilie. Mara ya kwanza niliharibu, mara ya pili mambo yamekwenda vizuri, na katikati nimeulizwa swali nikakosa jibu.

Miaka yote nilikuwa nachora haragwe ubaoni. Watoto wananakili, wanapaka rangi, tunaimba, somo limekwisha. Muhula uliopita nikamuuliza mtoto mmoja, mbegu iko wapi? Akanyoosha kidole ubaoni. Nikamuuliza, na nyumbani kwenu zipo? Akasema hakuna. Mtoto huyo anakula posho (ugali) na maharagwe karibu kila mchana. Nililala nalo lile jibu.

Safari hii nilienda sokoni nikanunua kilo moja ya nambale. Nilichagua nambale kwa sababu punje zake ni kubwa, nyekundu zenye madoadoa, zinashikika na vidole vidogo. Nyingine nikazilowesha usiku kucha, nyingine nikazilowesha asubuhi ileile kabla ya kengele. Kila mtoto nikampa punje tatu: kavu, ya asubuhi na ya usiku. Sikueleza chochote. Nikawaambia shikeni, nuseni, niambieni.

Zile za asubuhi zilikuwa zimejikunja ngozi. Binti mmoja akasema, "Hii ina ngozi ya bibi." Darasa zima likaja kuangalia. Ndivyo ilivyo: ngozi ya haragwe hunywa maji kabla ya nyama ya ndani, kwa hiyo ngozi inatanuka peke yake na kukunjamana. Baadaye nyama nayo inavimba na kuijaza, bibi anakuwa kijana tena. Walitaka kuliangalia hilo mpaka saa ya uji.

Nikawaonyesha kovu dogo lililo upande wa tumbo la haragwe. Nikawauliza, ninyi mna kovu gani tumboni? Mashati yote yakapanda juu. Kitovu! Haragwe nalo liliposhikana na ganda la mama yake ndipo palipobaki kitovu. Kisha tukayamenya yale ya usiku, tukayatenganisha vipande viwili taratibu. Katikati kuna kile kimmea cheupe kimejikunja, kina majani mawili madogo kuliko kucha, na ncha ya mzizi. Mvulana mmoja, ambaye kwa kawaida hakai kimya hata dakika, aliinama juu yake akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, usimwamshe."

Sasa kosa langu. Tulikata chupa za maji, tukaweka karatasi za tishu ndani, kila mtoto akabandika haragwe lake kati ya tishu na ukuta wa chupa ili lionekane. Kila mmoja alitaka kumwagilia, nami nikaruhusu. Asubuhi, mapumziko, wakati wa kuondoka. Siku ya nne maharagwe yalikuwa yanaelea. Siku ya sita darasa lilinuka. Katika 34 yalipona matatu. Mtoto mmoja alibeba chupa yake siku nzima akiuliza kama limekufa kwa kiu, maana yeye alilinywesha kila alipopata nafasi. Ilibidi nikae naye chini nimweleze kwamba mbegu inapumua, na ikizama majini haipati hewa. Niliwaambia wote pia kwamba kosa lilikuwa la mwalimu.

Mara ya pili tulipanga zamu: kila meza mtoto mmoja kwa siku, na maji ni kofia moja ya chupa, tishu iwe nyevu tu. Siku ya tatu mizizi ilitokeza. Siku ya tano shingo ikaanza kuinuka, imepinda kama mtu aliyebeba mzigo mgongoni. Nikachukua chupa moja nikailaza ubavu. Kesho yake asubuhi mzizi ulikuwa umekata kona, unaelekea chini. Nikailaza ubavu wa pili, ukakata kona tena. Waliniuliza nani anauambia chini ni wapi.

Sasa swali lenyewe. Tulikuwa tunataja vyakula na mbegu zake: mahindi, karanga, boga. Mtoto akauliza, "Mbegu ya matoke iko wapi?" Nilimenya kidole kimoja cha hizo ndizi za kupika, nikakikata. Mle ndani kuna vidoti vyeusi vidogo. Nusura niseme ndizo hizo. Nikasita, nikawaambia nitauliza wanaojua. Wao wameshazika kidole cha matoke nyuma ya darasa, wanasubiri kiote.

Mnaojua nisaidieni. Nawasilisha.

#2 Mzazi wa Bweyogerere

Mwalimu ubarikiwe. Hiyo ya ngozi ya bibi nimeifanya usiku huu na mwanangu, tumekaa na bakuli mpaka saa tatu. Nasubiri jibu la matoke, na mimi nimekula matoke maisha yangu yote bila kujiuliza.

#3 Bwana Shamba, Masaka

Mwalimu, ulifanya vizuri kusita.

Vile vidoti ni mabaki ya mbegu ambazo hazikukua. Matoke tunayokula yana seti tatu za kromosomu, zile nyuzi za urithi ndani ya chembe, badala ya mbili, na tatu haigawanyiki sawasawa wakati mmea unapotengeneza chembe za uzazi. Kwa hiyo mbegu hazijengeki, na tunda linanenepa hata bila chavua. Mababu zake wa porini kule Asia ya Kusini-Mashariki wamejaa mbegu nyeusi, ngumu kama changarawe, nyama yenyewe ni kidogo mno. Watu wa kale walichagua migomba iliyozaa matunda laini, wakaihamisha kwa kung'oa machipukizi. Machipukizi hayo ndiyo Waganda wanayoyaita ensukusa.

Si kwamba mbegu haipatikani kabisa. Watafiti wa Kawanda, pale njia ya Bombo, hupandisha maua ya baadhi ya migomba kwa mkono kwa chavua ya mgomba wa porini, na katika mikungu mingi wanapata punje chache. Kwa kazi ya namna hiyo ndipo ilipopatikana M9, aina ya matoke ambayo wakulima wanaiita Kiwangaazi, iliyotolewa mwaka 2010.

Kwa watoto wa miaka minne usiingie huko. Ila naomba jambo moja, nalo nalisema kwa moyo wote kwa sababu naliona kwenye vitabu: usiwaambie kwamba kila mmea hutoka kwenye mbegu. Hapa kwetu sentensi hiyo inavunjika mezani. Matoke ni chipukizi, muhogo ni kijiti, viazi vitamu ni marando. Mtoto wa Uganda anaweza kula siku nzima asiguse kilichopandwa kwa mbegu. Waambie mimea mingi huanza na mbegu, na mingine huanza na kipande cha mama yake.

Kile kidole walichozika, kiache. Wachimbue wenyewe baada ya wiki mbili.

#4 Mzee wa Tororo

Mimi nimefundisha miaka mingi kabla ya kustaafu. Mwanangu, kwenye maelezo yako sijaona jua. Sisi tulifundisha hivi: mbegu inahitaji udongo, maji na jua ili iote. Hizo tishu ndani ya darasa zitawachanganya watoto.

#5 Mwalimu wa Busia (mwanzisha uzi)

Shikamoo mzee wangu. Hata mimi nilifundishwa hivyohivyo, na nilifundisha hivyo miaka sita. Kabla ya kukujibu nilijaribu. Chupa nne niliziweka dirishani, nne ndani ya kabati tunamofungia chaki, zote na maji sawa. Siku ya nne zote nane zilikuwa na mizizi. Siku ya tisa zile za kabatini zilikuwa zimerefuka kupita za dirishani, lakini shina jembamba kama uzi, majani ya manjano yaliyojikunja, zimelala. Watoto walisema zinaumwa. Tulizitoa tukaziweka dirishani, na kesho yake jioni majani yalianza kupata rangi.

Kwa hiyo naona haragwe linaota kwa maji, hewa na joto. Jua linahitajika baada ya hapo, akiba ya ndani inapokwisha. Udongo pia ni wa baadaye.

#6 Mzee wa Tororo

Marahaba. Nimekusoma mara mbili. Kesho nitaweka yangu chini ya sufuria nione.

#7 Bwana Shamba, Masaka

Mzee, heshima yako. Niongeze tu kwamba zipo mbegu ndogo sana, za saladi kwa mfano, ambazo huota vizuri zikipata mwanga, ndiyo maana hazifukiwi. Ila mahindi, maharagwe, karanga na boga hulala gizani ardhini, na giza haliyazuii.

Kufukia nako kuna hesabu yake. Haragwe lina chakula kingi, unaweza kulizika vidole viwili likapanda. Ulezi ukiuzika hivyo unaishiwa nguvu njiani. Mpe mtoto haragwe kiganja kimoja na ulezi kiganja kingine, muulize nani kafungiwa chakula kingi cha safari.

#8 Mama Mlezi, Nakivale

Jambo wandugu. Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo, nalea watoto hapa Nakivale, Isingiro. Ninao zaidi ya themanini chini ya turubai. Chupa 34 mimi sitazipata, kwa hiyo nafanya kwa vikundi: mkebe mmoja watoto kumi. Madesu (maharagwe), mahindi, na mbegu za lengalenga (mchicha). Mahindi yanawafundisha jambo ambalo madesu hayafundishi. Madesu yanapanda juu na vile vipande viwili, kila mtoto anaviona vikinyauka taratibu vikishalisha mche. Mahindi yanaiacha punje chini, yanatoa mkuki mmoja tu. Wakang'oa mche kuitafuta punje, wakaikuta imebaki ganda tupu. Mmoja akasema "amekula chakula chote cha mama." Sikuwa na la kuongeza.

Lakini nimekuja kusema jambo lingine. Mwalimu, angalieni mbegu mnazowapa. Zile za madukani zenye rangi ya waridi, kijani au bluu zimepakwa dawa ya wadudu na ya ukungu. Mtoto anapeleka kila kitu mdomoni. Chukua za sokoni, za kupika. Na hata hizo za kupika, haragwe bichi lina sumu inayotapisha na kuharisha, na kulowesha hakuitoi, inaondoka kwa kuchemsha sana. Huku vichakani kuna mbono, na kuna zile punje nyekundu zenye jicho jeusi watu wanazotungia shanga. Zote zina sumu, na ile nyekundu ikitafunwa inaweza kuua. Watoto wakitumwa "leteni mbegu kutoka nyumbani", ndizo wanazoleta, kwa sababu ni nzuri.

Na pua. Mwaka jana mtoto wangu wa darasani alijitia haragwe kavu puani, hakusema. Usiku likavimba kwa unyevu. Tulizunguka naye vituo viwili, cha kwanza walituambia turudi asubuhi. Lilitolewa salama, namshukuru Mungu. Tangu siku hiyo nahesabu punje zikitoka na nahesabu zikirudi.

#9 Mwalimu wa Busia (mwanzisha uzi)

Dada, asante sana. Mimi sikuwa nahesabu. Kuanzia kesho nahesabu. Na ile "leteni mbegu kutoka nyumbani" nilikuwa nimepanga kuwatuma Ijumaa. Nimeifuta.

#10 Kijana wa Arua

Huku kwetu West Nile usifuate kalenda ya Busia. Mvua zetu zinakuja kama msimu mmoja mrefu, kuanzia Aprili kwenda Oktoba au Novemba, kwa hiyo Machi udongo bado ni vumbi. Tunaanzia ndani ya darasa, mvua ikikaza tunahamia nje na simsim na mtama.

Nawapa mbinu moja niliyoiona inafanya kazi. Watoto wadogo hawajui sentimita. Kila siku kata kamba ya karatasi yenye urefu sawa na mche, ibandike ukutani kando ya ya jana. Baada ya siku kumi unaona ngazi inapanda ukutani. Watoto wangu walisimama mbele ya ile ngazi wakauliza mbona kati ya Ijumaa na Jumatatu kuna ngazi moja kubwa. Wakajadiliana wenyewe mpaka wakagundua kwamba mche haupumziki wikendi.

#11 Mzazi wa Bweyogerere

Sisi tuliopanga chumba kimoja tufanyeje? Hakuna hata shubiri moja ya udongo, nje ni saruji na bomba la mwenye nyumba.

#12 Bibi wa Mukono

Mwanangu, dirisha linatosha. Nina wajukuu watatu na kikopo cha majarini kimoja, tumepanda ulezi. Niliwaanzia na habari ya Nambi. Mnaijua wote, ile hadithi ya Waganda: Ggulu, baba yake wa mbinguni, alimwambia asirudi nyuma kwa lolote, lakini kuku wake alikosa ulezi, akarudi kuuchukua, na kaka yake Walumbe, yaani kifo, akamfuata mpaka duniani. Wajukuu wakataka kujua huo ulezi ulikuwa na nini hata mtu arudi njia yote ile. Nikawamwagia kiganjani. Wakashangaa, "Huu mdogo hivi?" Tukaunyunyiza juu ya udongo, tukafunika kwa udongo kiduchu. Siku ya nne ulikuwa kama nywele za kijani.

Na usiwape fenesi kama hamna haraka. Mbegu ya fenesi ukiikausha kama haragwe inakufa, lazima ipandwe ikiwa bado mbichi, na inachukua wiki kadhaa. Wangu walisubiri mpaka wakasahau. Halafu ikaota, ikawa sherehe.

#13 Mwalimu wa Kiswahili, Mbale

Nifuatilie kidogo upande wa maneno. Tangu baraza la mawaziri lilipoidhinisha Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, wazazi wengi wananiuliza hayo mambo yanaitwaje. Kile kimmea cha ndani ni kiinitete. Vile vipande viwili vinaitwa kotiledoni, ila kwa watoto ghala linatosha na wanalielewa. Mbegu huota, mche huchipua majani. Kitendo cha mwalimu ni kuotesha. Mwalimu wa Busia ametumia ngozi kwa kile kinachoitwa ganda la mbegu, nami nadhani kwa umri ule amepatia, kwa sababu ganda wanalijua kama kile kinachobeba punje nyingi. Luganda kina ensigo kwa mbegu, tumieni yote mawili, mtoto hachanganyikiwi.

#14 Mzee wa Tororo

Nimefunua sufuria. Yameota. Manjano, marefu, yameota.

#15 Mwalimu wa Busia (mwanzisha uzi)

Mrejesho, wapendwa.

Leo zimetimia wiki mbili tangu wazike kidole cha matoke. Tulikwenda nyuma ya darasa na jembe dogo. Kando yake nilikuwa nimewaongezea mashimo mengine manne: haragwe zima, haragwe lililochemshwa, kokoto, na rando la kiazi kitamu. Kabla ya kuchimba kila mtoto alisimama kwenye shimo analoamini. Kumi na tisa walisimama kwenye haragwe zima ambalo tayari lilikuwa linaonekana. Saba kwenye rando. Watano kwenye lile la kuchemsha, kwa sababu nalo ni haragwe. Watatu walibaki na matoke yao, na yule aliyeuliza swali alikuwa mmoja wao. Kwenye kokoto hakusimama mtu.

Lile la kuchemsha lilikuwa limeoza, ukiligusa linapasuka. Walinusa wote, mmoja baada ya mwingine, hawakuwa na kinyaa hata kidogo. Nikawaeleza kwamba moto ulimuua yule mdogo aliyelala ndani. Mvulana wa "usimwamshe" akauliza kama ndivyo inavyokuwa kwa maharagwe yote ya chakula. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza muda, kisha akasema, basi tubakize mengine. Nikamwambia ndivyo mama yake anavyofanya kila msimu, aende nyumbani amuulize mbegu za kupanda zinawekwa wapi.

Matoke ilikuwa tope jeusi na funza wawili. Wale watatu waliumia, mmoja machozi yalimlenga. Sikuwaambia "si niliwaambia", maana sikuwa nimewaambia. Tulivuka barabara ya nyuma hadi kwa jirani mwenye migomba minane. Mama yule alituelewa kwa dakika moja tu, akachukua panga, akafukua udongo kwenye kitako cha mgomba mkubwa mpaka chipukizi likaonekana limeshikana na mama yake ardhini. Akawaita wale watatu waguse pale paliposhikana. Kisha akakata. Maji meupe yakatoka, yakawabaki mikononi yakigeuka kahawia, hayatoki kwa sabuni, wazazi mtanisamehe.

Tumelipanda kwenye kona ya uzio, shimo la urefu wa mkono wa mtoto, samadi chini. Yule aliyeuliza swali alilikagua chipukizi lote kabla halijaingia shimoni, chini, juu, na pale palipokatwa. Akapaonyesha wenzake kwa kidole.

"Kitovu chake hiki hapa."